Nyasi za Wakubwa

Ningeweza kukataa bila kutamka neno lolote, kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na mtu mwenye kinywa cha namna hiyo hujibu kwa kichwa. Nilijibu kwa kichwa. Bahati mbaya nilikitikisa kwenda juu na chini badala ya kulia na kushoto, na bwana aliyesimama mbele ya meza yangu, bereti kichwani na mwavuli mweusi kwapani ingawa tulikuwa katikati ya kiangazi, akasema, "Sawa, tumepatana," akaondoka kabla sijameza. Hivyo ndivyo nilivyokubali kutengeneza bustani ya residensi, ile nyumba kubwa ya mtawala wa Bunia, wakati wa vita, mimi ambaye kazi yangu kubwa kuliko zote hadi siku ile ilikuwa kupunguza ua wa miti wa nyumba ya masista. Mama Odeti, mwenye malewa, kibanda cha chakula tulimokuwa tukila, alikuwa amesikia yote kutoka kwenye sufuria zake chini ya turubai.

"Kambale, ule mutu unamujua?"

"Ni mutu ya protokole."

"Protokole ya nani?"

"Ya shefu mupya, ule anakaa mu residensi."

"Na shefu akikimbia?"

Nilimeza. "Atakuja mwingine, na yeye atataka mauwa."

Nilijiona nimejibu kama mfanyabiashara. Mama Odeti alichota mchuzi, akamwekea mtu wa pembeni yangu, wala hakunitazama tena.

Nimeyakumbuka haya tangu mwezi uliopita, nilipokwenda Iga Barrière kwenye matanga ya Mama Ngabu. Nilipanda moto, yaani pikipiki, kwa umri wangu huu, nikashuka nimejaa vumbi kama gunia la saruji. Ngabu mwenyewe, mwanawe, alinipokea. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Aliniita "Muzee Kambale," akanishika mkono kwa mikono miwili, akanitafutia kiti kizuri cha kitambaa katika mstari wa mbele, kati ya mchungaji na shefu wa mtaa. Mgeni asiyejua mambo yetu angesema nimeheshimiwa sana. Lakini kwenye matanga ya kwetu watu wa nyumba hawakai kwenye viti vya kitambaa. Wanakaa nyuma, kwenye mikeka, wanamenya ndizi, wanagombania kuni na kutaniana kwa sauti ya chini ili mchungaji asisikie. Katika familia ile mimi nilikuwa mtu wa kumenya ndizi. Nilimenya kwenye matanga ya baba yake Ngabu, nikalaumiwa na shangazi wote kwamba naondoa nyama pamoja na ganda, na sidhani kama kuna heshima niliyopata maishani iliyozidi lawama ile. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu kizuri mpaka mgongo ukauma, nikisikia watu wa nyuma wakicheka jambo ambalo sikulisikia vizuri, na sikuwa na haki ya kunyanyuka kwenda kuuliza.

Kabla ya mwaka ule wa vita, mimi na Ngabu tulikuwa na kampuni, kama watu wawili wanaweza kuitwa kampuni, wenye mkasi mmoja mkubwa, mapanga mawili yaliyopinda ya kukatia majani, na toroli ambalo gurudumu lake lililia njia nzima hata wateja wakatusikia kabla ya kutuona. Ubavuni mwa toroli Ngabu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, NGABU NA KAMBALE. Jina lake lilitangulia kwa sababu rangi ilikuwa yake. Kazi yetu ilikuwa kukata: nyua za miti, majani, matawi yaliyoingia madirishani mwa wafanyabiashara. Kupanda tulikukwepa. "Ukikata, unapewa chako, unaenda ku nyumba," Ngabu alikuwa akisema. "Ukipanda, kesho mutu anakuita, kuja uone, mauwa yako inakufa. Inakuwa yangu namna gani? Iko mu parseli yake." Nilipomwambia kwamba watu wa mashirika wanaanza kutaka bustani nzima, na nyasi, na njia za mawe, na kwamba huko ndiko kazi kubwa iliko, alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Weye ata nyanya ilikushinda." Ilikuwa kweli. Nyanya zangu zilikuwa zimekauka mbele ya watu.

Jioni tulikula kwa mama yake, katika mtaa wa pembeni ya mji. Jiko lake lilikuwa la mbao zilizogeuka nyeusi kwa moshi, na viti vyake vilikuwa vifupi hivi kwamba ulikula magoti yakiwa karibu na masikio. Ulikula sombe yenye mawese na samaki wa ziwani, na ulisikia kila kitu kilichosemwa ng'ambo ya ua, ambako alikaa Safari, muuza vipuri vya baiskeli. Mama Ngabu na Safari hawakuwa wakitembeleana. Walikuwa wakizungumza kupitia majani tu, kama watu wa kituo kimoja cha redio.

"Safari, kuku yako imevuka mupaka."

"Mama, kuku haikusoma."

"Sasa iko mu sahani yangu, itasoma humu."

"Mama, unirudishie ata paja moja."

Ua huo ulikuwa kazi bora kuliko zote za Ngabu. Alikuwa ameomba vijiti kwa masista, vya mti ule wa majani ya njano, akavipanda kinyume cha msimamo wake wote, kwa sababu mama yake alisema panda, na pale hapakuwa na mjadala. Ulikuwa umenyooka hivi kwamba wapita njia waligusa kwa kiganja kuona kama ni majani kweli. Na lazima nieleze jambo moja kwa vijana waliozoea kuta za matofali. Wakati ule mitaani kwetu parseli, kiwanja cha mtu, haikuwa na ukuta wala jiwe la mpaka. Ilikuwa na ua wa miti. Karatasi zilikuwako, ofisini, lakini ofisi iliporwa na karatasi zikatapakaa barabarani, na Mama Odeti alifungia mandazi yake humo kwa majuma mengi. Nakumbuka nikila andazi huku nikisoma vipimo vya parseli ya mtu, upande wa kaskazini ukiwa umelowa mafuta. Baada ya hapo, kama ulitaka kujua ardhi ya fulani inaishia wapi, hapakuwa na wa kumwuliza isipokuwa miti yake.

Vita vilikuwa vikiugeuza mji wetu kama mtu anavyogeuza ndizi kwenye makaa: leo upande huu unaungua, kesho ule. Msimu huo zamu iliwafikia watu wa kabila la kina Ngabu. Adhuhuri moja nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, nikipunguza bugenvilia, nikasikia jina langu. Ngabu alikuwa anasukuma baiskeli yenye godoro. Nyuma yake alikuja mama yake na sufuria kichwani, na ndani ya sufuria kuku, na kuku alikuwa anatoa maoni.

"Shuka," Ngabu alisema. "Mama anataka kusema na weye."

"Nyumba watavunja," Mama Ngabu alisema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Mabati watabeba, milango watabeba. Avoka watakula, na wakule, mwaka huu iko ya kuharisha. Juu ya ile yote usigombane na mutu. Lakini ua, Kambale. Ua uniangalilie."

"Nitaangalia, Mama."

"Nyumba nitajenga ingine. Mupaka ikipotea nitauliza nani? Safari?"

Mimi na Ngabu tulicheka. Yeye hakucheka. "Na usikate juu tu. Kata na pembeni. Weye iko na uvivu ya pembeni."

Ngabu aliniachia mkasi na toroli. Alisema tutaonana mji ukipoa, tena akasema nisikubali kitu ya kijinga. Nikamwuliza kitu kama nini. "Sijui," alisema. "Ukiiona utaijua, itafanana na weye." Kisha wakashika njia ya kutoka mjini, kuku akilalamika mpaka nikaacha kumsikia.

Majuma machache baadaye ndipo bwana mwenye mwavuli aliponikuta kwa Mama Odeti. Jina lake sikulijua hadi mwisho. Sote tulimwita Protokole. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliongea na kila mtu, hata na majenerali, kama aliyekuwa amesahihisha madaftari yao na kusikitika. Alinipeleka residensi. Katika sebule kulikuwa na makochi mengi kuliko watu wa kuyakalia, mengine yakiwa bado yamefungwa kwa plastiki ya duka ambalo kila mtu mjini alimjua mwenyewe, na alijua alikimbilia wapi. Shefu alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi, amevaa miwani ya jua na kandambili, na alikuwa anakula karanga kutoka kwenye kofia yake.

"Nataka nyota," alisema. "Nyota ya mauwa, munene. Ndege ikishuka, batu ba ndani baone."

Protokole alikohoa. "Ekselansi, ya pembe tano ao sita?"

"Nyota iko na pembe ya nyota."

"Ndiyo, Ekselansi."

Tulipofika nje Protokole aliniambia kwa sauti ya chini, "Fanya tano. Akiuliza, sema sita." Halafu akaligusa toroli langu kwa ncha ya mwavuli, pale palipoandikwa jina la kwanza. "Hii haiko jina ya musimu huu." Nililifuta mwenyewe kwa petroli siku ile ile. Sikuondoa zaidi ya nilichoambiwa, kwa hiyo toroli likabaki limeandikwa NA KAMBALE, na askari wakaanza kuniita Nakambale, wakidhani ni jina la ukoo wetu. Niliitika. Nilijiambia kwamba Ngabu akirudi atakuta kampuni kubwa inamngoja, na kwamba rangi si kitu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa Nakambale na mlinzi aliyenifungulia geti bila kuniuliza ninakwenda wapi.

Nilipewa askari kama wafanyakazi. Walikuwa hodari wa kuchimba, wazuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, lakini siku ya kwanza ya nyasi niliporudi kutoka kuchota maji nilikuta mstari mzima umepandwa majani chini, mizizi juu. Nikamwuliza mkubwa wao sababu. "Muzee," alisema, na mimi sikuwa hata na ndevu kamili, "siye tumezoea kufukia kitu isionekane tena." Tukaanza upya. Ikaja shida ya ua. Nilimweleza shefu kwamba kijiti kinahitaji misimu miwili ya mvua kabla hakijawa ua. Alitupa karanga kinywani. "Misimu mbili mimi nitakuwa Kinshasa." Kwa hiyo hatukutumia vijiti. Tulikwenda na lori kwenye mitaa iliyokuwa imekimbiwa na watu, tukang'oa nyua nzima nzima na udongo wake, kwanza mti mmoja kati ya mitatu, halafu mmoja kati ya miwili, halafu tukaacha kuhesabu. Sikukosa la kujiambia. Nilisema wenyewe hawapo, nilisema itachipua tena, nilisema wengine wanabeba milango na mimi nabeba majani tu. Katika kazi ndogo ulikuwa unaulizwa na mwenye ua kwa nini umekata hapa. Katika kazi kubwa hapakuwa na mwenye ua. Wakati ule nililiona hilo kama maendeleo.

Nyota ilipendeza, niseme haki. Ilipendeza mpaka mbuzi wa shefu, aliopewa na watu waliotaka kupendwa naye, walipoingia wakala pembe mbili kabla ya kifungua kinywa. Shefu alitoka kwenye veranda, akatazama, akaamuru mbuzi wakamatwe. Mlinzi alidhani ni mzaha, haukuwa mzaha. Wakafungwa kachoti pamoja na wezi wa baiskeli, na jioni mke wa mfungwa mmoja aliyeleta chakula alikuja kulalamika kwamba mbuzi wamekula kikapu. Protokole alinivuta kando. "Sasa iko na pembe tatu. Ndege ikishuka, useme nini?" Nikasema nitapanda nyingine. "Haraka," alisema, "kabla ya ndege ao kabla ya adui, sijui gani itafika mbele."

Alifika adui. Nilikaa chini ya kitanda changu mpaka nikazoeana na vumbi lake, na mlio ulipotulia nilikwenda kwa Mama Odeti kwa sababu njaa haina upande. Nilimkuta Protokole anakunywa chai. Mwavuli ulikuwa ule ule. Bereti ilikuwa ya rangi nyingine.

"Nakambale. Shefu anakuita."

"Ule wa nyota amerudi?"

"Ule nani?" alisema, akapuliza chai yake.

Shefu mpya alikuwa mtu mzima, mtaratibu, aliyevaa viatu. Alisimama mbele ya nyota yangu ya pembe tatu na nusu, akauliza ni alama ya chama gani. Nikasema si ya chama, ni ya mbuzi. Aliamuru iwe duara. Kisha akasema kwamba wageni watakuja kutia saini mambo ya amani pale pale residensi, kwa hiyo anataka bustani iongezwe hadi barabarani, na njia ya wageni kutoka getini hadi verandani iwe na ua pande zote mbili, ulionyooka, wa rangi moja. "Nimeona moja, ya njano," alisema. "Kule pembeni, karibu na mutu ya vipuri ya baiskeli. Ile ndo nataka."

Nilimjibu kwa ufundi. Nilisema kiangazi ni kikali, mti mkubwa ukihamishwa sasa utakufa. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu. Jibu lilikuwa: ua huo ni wa Mama Ngabu na nimeahidi kuuangalia. Sikulitoa. Kutaja jina lile katika sebule ile, hata chini ya shefu huyu, kungeweza kuniletea matatizo, na sitaki kujifanya kwamba hofu haikuwepo. Lakini ningeweza kusema nina homa. Ningeweza kupanda lori la Mambasa kesho yake, kama wengine walivyofanya. Nilikuwa nimevaa kofia mpya, nilikuwa na askari wa kuamuru, na mtu aliyekwisha kusema ndiyo kwa kazi yote haulizwi tena juu ya vipande vyake. Hata sikumbuki kama walingoja nijibu.

Nyumba ya Mama Ngabu ilikuwa imeshaondolewa mabati na milango, kama alivyosema. Jiko lilisimama bado. Safari alitoka upande wake, mikono mfukoni, akatazama askari wakichimba.

"Kambale, unangoa?"

"Nahamisha."

"Utarudisha?"

"Nitarudisha."

"Mwenyewe anajua?"

Nikajifanya naelekeza lori. Niliacha miti minne, mmoja kila kona, ili iwe alama. Lakini residensi, tulipofika mwisho wa njia, pengo likabaki upande wa kulia, na Protokole akalinyooshea mwavuli kama kosa la imla. Nilirudi mwenyewe na toroli, bila askari hata mmoja, nikang'oa zile kona nne. Hakuna aliyenilazimisha safari ile ya pili. Safari hakutoka, ila niliona pazia lake likitikisika.

Sherehe ya amani ilikuwa nzuri kwa kiasi ilivyowezekana. Wageni walipita katikati ya ua wangu wa njano, na kwa kuwa miti ilikuwa inakufa, kila aliyepita alipukutishiwa majani. Yalitua kwenye mabega ya majenerali na kwenye kofia ya mama mmoja wa mbali aliyekuja na mkalimani. Mama huyo alisimama, akaokota jani moja, akauliza jambo. Mkalimani akasema, "Anauliza kama hii miti iko mugonjwa." Protokole hakusita. "Mwambie ni desturi ya kwetu. Miti inamwaga majani juu ya watu wa amani." Mama alifurahi, akaliweka jani katika mkoba wake. Wakati wa hotuba upepo ulivuma, na nusu ya desturi yetu ikaangukia kwenye meza ya kutilia saini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jengo na jagi la maji, nikicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na nilipogeuka kumweleza Ngabu, nilikumbuka kwamba hayupo. Ni kicheko cha mwisho ninachokikumbuka cha mwaka ule.

Amani yenyewe haikudumu kuliko majani. Mji ukawaka tena, vibaya kuliko mara zote, na watu waliokimbia mitaa walikuja kujibanza residensi, kwenye nyasi zangu, na mimi mmoja wao. Miti ya njano ilipikia maharage. Ilishika moto vizuri kwa kuwa ilikuwa imekauka. Asubuhi moja mwanamke aliyelala karibu nami alikamua mkeka wake. "Nani alipanda hii majani? Inashika umande, batoto banakohoa." Nilisema simjui.

Barabara zilipofunguka Ngabu na mama yake walirudi. Nilikwenda nao mpaka mtaani. Pale palipokuwa na parseli na parseli palikuwa uwanja mmoja, wazi kama wa mpira, na watu waliorudi walikuwa wanatembea humo wakihesabu hatua, wakibishana, wakirudi kuhesabu tena. Mama Ngabu alizunguka akitafuta ua wake. Safari alikuwa amejenga stoo ya matofali, na stoo ilikuwa imekuja upande wetu mpaka ikalimeza jiko lile la mbao. Kesi ilisikilizwa na shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa ule, kwenye viti vya kuazima, jirani wote wakiwa wamekaa kuzunguka. Shefu wa avenyu aliuliza nani anaweza kuonyesha ua ulipita wapi. Nikasimama. Ni mimi tu niliyejua hasa, maana nilikuwa nimeukata miaka yote, nikauchimba mti baada ya mti.

"Ulipita huku, nyuma ya ile stoo," nilisema. "Stoo yote iko mu parseli ya Mama."

"Unajua je?"

"Nilikuwa naukata."

"Na sasa uko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku na mchana, na bado lilinikuta. "Niliungoa. Mimi mwenyewe. Nilipeleka ku residensi."

Kisha Safari, bila chuki, kwa sauti ile ile ya kuomba paja la kuku, akasema, "Shefu, mutu alingoa mupaka, ndo ule anakuja kutuonyesha mupaka?" Watu walicheka. Walicheka sana, na siwalaumu. Ningekuwa nimekaa kati yao ningecheka pia. Hata shefu wa avenyu alifunika mdomo kwa mkono. Nilijaribu kusema tena, nikaonyesha mahali kwa kidole, na kila nilipoonyesha walizidi kucheka. Hapo Mama Ngabu akasema, si kwa hasira, "Kambale, kaa chini." Nikakaa.

Walivuta kamba pale ilipokuwa rahisi kuvuta, kando ya ukuta wa stoo. Kipande kilichobaki kwa Mama Ngabu hakikutosha nyumba na choo. Alikiuza kwa Safari mwenyewe, akahamia Iga Barrière, akaishi katika chumba cha kupanga na baadaye kwa mwanawe, na hakumiliki tena ardhi hadi alipozikwa. Ngabu hakunigombeza. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akanishukuru kwa kusema ukweli mbele ya watu, kwa maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia wateja wasiotupenda. Nilipendekeza tuanze tena kazi pamoja. Akasema atafikiri.

Kazi ilikua, sitaficha hilo. Mashirika yalikuja, nikatengeneza bustani zao, nikawa na wafanyakazi na gari la mizigo, na ndani ya miaka michache nilikuwa mtu ambaye Ngabu aliniambia singeweza kuwa. Nimezeeka vizuri. Lakini kazi ile ya residensi, niliyoikubali mimi mwenyewe, ilimnyang'anya Mama Ngabu parseli yake, na mimi ilininyang'anya Ngabu. Hajawahi kurudi kazini, hajawahi kula kwangu, na tangu siku ile hajaniita Kambale bila kutanguliza Muzee.